Aliyesema Twende Tukapime

Kwenye kiwanda cha mikate alikofanya kazi, hakuna aliyeitwa kwa jina la kwenye cheti. Mwanamke aliyepima unga walimwita Mizani, meneja walimwita Kengele kwa sababu ya sauti yake, na yeye, msimamizi wa chumba cha kukandia, walimwita Hamira. Aliingia pale mwembamba kama ufito, akala mikate iliyoungua pembeni kwa miezi kadhaa, akanawiri hadi sare yake ikabidi ibadilishwe. Hakuchukia hilo jina. Alisema afadhali kuitwa kitu kinachoinua wenzake kuliko kuitwa Chumvi.

Alikuwa na miaka arobaini na kitu, binti mmoja aliyesoma shule ya bweni, na ndoa moja iliyovunjika. Mume wake alikuwa mpiga picha wa harusi, mtu wa maneno matamu na safari za mwisho wa wiki zisizoisha. Hamira alivumilia mpaka uvumilivu ukamwishia mkononi kama kipande cha sabuni. Waliachana bila kurushiana sahani. Mpiga picha akaoa tena, akamchukua msichana aliyekuwa akiwapamba maharusi. Binti yao akamwita huyo mama mdogo, likizo zikagawanywa nusu kwa nusu, na maisha yakaendelea. Hamira yeye alifunga mlango wa mapenzi, akasema funguo kazitupa chooni.

Akakaa hivyo mpaka mashine ya chumba cha baridi ilipozima, siagi ikaanza kulainika.

Fundi aliyeitwa alikuwa mtu mrefu, mtaratibu, mjane asiye na mtoto. Wateja wake walimwita Baridi, kwa sababu ya kazi yake na pia kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Alipiga magoti nyuma ya mashine asubuhi nzima, akasafisha mabomba, akajaza gesi, na kila Hamira alipopita na trei alimtupia swali lisilo na kichwa wala miguu: eti mlango huwa unafungwa vizuri, eti taa ya ndani inawaka. Mashine ikapona. Wiki iliyofuata alirudi kuiangalia, na iliyofuata tena. Mizani akasema mashine ile sasa inaangaliwa kuliko mgonjwa mahututi, na kwamba yeye tangu azaliwe hajaona hamira na baridi vikikaa pamoja unga ukaumuka. Chumba kizima kilicheka. Hamira naye alicheka, huku akijifuta usoni unga ambao haukuwepo.

Mapenzi ya watu wazima hayana mbio. Jumapili mchana Baridi alikuja kwake, wakanywa chai, akamtengenezea jokofu lililokuwa likinguruma kama mtu mwenye mafua, akamsimulia habari za marehemu mkewe aliyekufa kwa ugonjwa wa figo. Hamira alimsimulia habari za ndoa yake, si zote, zile za kuchekesha. Baada ya miezi kadhaa Baridi akasema wazi kwamba hana umri wa kuzungushana, anataka waoane, na kama Hamira ana shangazi au mjomba wa kupelekewa ujumbe, amtajie. Hamira akasema ataje nini, mbona amechelewa.

Siku hiyo hiyo, kwenye kochi, chai ikiwa imepoa, mkono wa Baridi ulianza safari yake. Hamira akaushika ukiwa njiani.

"Ngoja," alisema. "Kabla ya hapo, twende tukapime."

"Tupime nini?"

"Afya. Virusi, na hayo magonjwa mengine ya zinaa, yote. Mimi na wewe. Na mpaka tuwe na uhakika, kuna kondomu."

Maneno hayo alikuwa ameyafanyia mazoezi kazini, mashine ya kukandia ikinguruma ili asisikike. Alijiandaa kwa hasira, alijiandaa kwa utani. Hakujiandaa kwa kilichotokea. Baridi aliurudisha mkono wake polepole, kama mtu anayeutoa kwenye nyaya ambazo hana hakika kama zina umeme. Akauliza kama kuna mtu amemwambia Hamira jambo lolote juu yake. Hamira akasema hakuna. Baridi akaimalizia chai yake amesimama, akaaga kwa adabu, akaondoka.

Simu haikulia wiki hiyo, wala iliyofuata. Mashine ya baridi kule kazini nayo ikakosa mtu wa kuiangalia. Mizani, ambaye hakufichwa kitu, alimwambia shoga yake kwamba kumtajia mwanamume habari ya kupima ni kama kumwambia ananuka mdomo: hata kama ni kweli, hakusamehe. Kwa nini asingesubiri wakazoeana kwanza? Hamira akajibu kwamba ndoa ya kwanza aliingia amefumba macho, akaita heshima. Hii haingii na kitambaa usoni.

Alikuwa na haki, na alijua ana haki, na humo ndimo kiburi kilimojificha. Tangu aachike hakuwa amemjua mwanamume. Hakuwa na kidonda, wala kipele, wala maumivu. Moyoni mwake kipimo kilikuwa cha Baridi. Yeye alikuwa anamsindikiza tu, kama mtu anavyomsindikiza mgonjwa, na mkoba wa matunda mkononi.

Baridi alirudi siku moja asubuhi, saa ambayo watu wa zamu ya alfajiri hutoka. Alikuwa amesimama getini, mikono mifukoni. Wakatembea pamoja hadi kituo cha basi, wakakaa kwenye benchi, mabasi mawili yakapita bila wao kupanda, na Baridi akaeleza.

Mkewe alikufa kwa figo. Daktari alisema hivyo, na cheti kilisema hivyo. Lakini kabla ya kufa alikonda sana, na mtaa una hospitali yake na madaktari wake. Siku ya mazishi watu walinawa mikono mara mbili. Shemeji zake walimwuliza kwa mafumbo. Yeye alimwamini daktari, ila kulikuwa na kifunza kidogo cha shaka kilichoingia sikioni na hakikutoka, na kwa miaka yote hiyo hakuthubutu kupima. Alijiambia kwamba kama ni kweli, atajua siku atakapoanza kukonda. Basi kila mkanda wa suruali ulipolegea, aliacha kazi akaenda kula.

"Sikukukasirikia," alisema. "Niliogopa. Kwa sisi wanaume hivyo vitu viwili vinafanana usoni, ndiyo maana watu wanavichanganya."

Hamira aliufunika mkono wa Baridi kwa mkono wake, ambao bado ulikuwa na unga kwenye kucha, wakakaa hivyo mpaka basi la tatu.

Zahanati waliyoichagua ilikuwa mbali na mitaa yao wote wawili. Chumba cha ushauri kilikuwa kidogo: meza, viti vitatu, pazia la kijani lililofuliwa mpaka likachoka, na dirisha linalotazama ukuta. Muuguzi alikuwa mama wa makamo, miwani yake imening'inia kifuani kwa uzi, na alizungumza habari za sehemu za siri kama mtu anayezungumzia bei ya vitunguu. Aliwaeleza watapimwa nini: virusi vya ukimwi, kaswende, homa ya ini, na magonjwa mengine yanayoonekana kwenye mkojo. Akawauliza kama wamewahi kulala pamoja. Wakajibu bado, kwa sauti moja, kama watoto wa shule. Akauliza kama wanataka kupokea majibu pamoja au kila mmoja peke yake.

Hamira aliliangalia goti la Baridi. Lilikuwa linacheza lenyewe chini ya meza. Akasema kila mmoja peke yake, halafu wataambiana. Alidhani anamsitiri mwenzake.

Baridi aliingia wa kwanza. Alipotoka alikaa kwenye benchi la korido, akainama, akafunika uso kwa viganja, na Hamira akainuka kumwendea. Kisha akaona mabega yanatikisika, na kumbe mtu anacheka, au analia, au yote.

"Sina," alisema. "Sina chochote. Miaka yote hiyo, nilikuwa nakula ugonjwa ambao sina."

Hamira akaingia akitabasamu.

Muuguzi alivaa miwani. Akamwambia virusi vya ukimwi hana. Homa ya ini hana. Mkojo safi. Kisha akamwambia kwamba kipimo cha kaswende kimeonyesha anayo, na kwamba wamerudia kwa kipimo cha pili ili kuhakikisha, nacho kimesema vilevile.

Hamira akasema damu zimechanganywa. Muuguzi hakukasirika, alisema hilo huulizwa kila wiki, akamwonyesha namba yake kwenye kichupa. Akamweleza kwamba kaswende inaweza kuanza na kidonda kisichouma, mahali ambapo mtu hakioni, kikapona chenyewe, na baada ya hapo ugonjwa ukajikalia mwilini miaka na miaka bila kubisha hodi wala kukohoa. Akamwuliza kama aliwahi kupimwa. Ndiyo, alipokuwa na mimba ya binti yake, na alikuwa safi. Na baada ya hapo amekuwa na mwanamume gani? Mume wake. Mwingine? Hakuna mwingine, kabla wala baadaye.

"Basi," alisema muuguzi, "hesabu hiyo huhitaji mimi nikufanyie."

Dawa ipo, aliendelea, na inaponya kabisa: sindano tatu za penisilini, moja kila wiki, kwa kuwa ugonjwa umeshakaa sana. Asilale na mtu mpaka amalize na aambiwe sasa yuko salama. Baada ya miezi kadhaa arudi wapime tena. Na kuna watu wawili wa kuambiwa. Yule wa zamani, ili naye akatibiwe, na yeyote aliyelala naye tangu hapo, hasa kama ni mwanamke anayeweza kushika mimba, maana kaswende humfuata mtoto tumboni. Wa pili ni huyo aliyekaa nje.

"Huyo ana haki ya kujua anaoa nini," alisema. "Mwambie tu kama nilivyokwambia mimi. Usipambe."

Sindano ya kwanza alichomwa pale pale, kalioni. Iliuma kama mtu amemwagiwa risasi iliyoyeyushwa. Hamira alitoka akitembea upande. Baridi akainuka kwenye benchi, uso wake wote ukiwa swali.

"Virusi sina," alisema Hamira.

Ilikuwa kweli. Baridi alimkumbatia mbele ya foleni nzima, yeye mtu wa haya, akampeleka mgahawani jirani wakanywe chai ya kushukuru. Hamira alikalia tako moja muda wote. Baridi akadhani ni madaha.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, walisema wahenga, ila hawakusema kama anaingia akiwa amevaa viatu vipya mbele ya mchumba wake. Siku zile Hamira aliupiga unga kazini mpaka Mizani akamwuliza umemkosea nini. Hakumwambia hata yeye. Alijiona kama mtu aliyesimama kizimbani kutoa ushahidi, akatoka na pingu. Usiku aliota ndoto za kawaida, lakini mchana, akiwa macho, alikuwa akifanya kesi na mume wake wa zamani: zile safari, zile harusi za mbali, lile shati lililorudi na harufu ya sabuni ya nyumba ya wageni. Alishasamehe kwa sababu alidhani yameisha. Kumbe alikuwa anatembea nayo kwenye damu.

Alimpigia simu mpiga picha. Alijitahidi kusema bila kupamba. Mpiga picha alimsikiliza nusu, akacheka, akamwambia ameyaokota huko kwa fundi wake wa majokofu na sasa anatafuta pa kuyatupia. Simu ikakatwa. Alipopiga tena haikupokelewa. Hamira akasema potelea mbali, mimi nimesema.

Angeishia hapo kama si binti yake, aliyekuja mapumziko mafupi ya katikati ya muhula akitokea kwa baba yake. Akiwa anapaka siagi kwenye mkate, hana hili wala lile, alisema mama mdogo siku hizi anatapika kila asubuhi na baba ameshanunua kitanda cha mtoto, ila amekatazwa kumwambia mtu.

"Ameanza kliniki?" aliuliza Hamira.

Binti akapandisha mabega. Alimsikia mama mdogo akisema ataanza tumbo likionekana, hataki maneno ya watu.

Hamira alikaa. Aliyajua aliyoambiwa na muuguzi, na sasa alijua hana pa kujificha. Jambo likiwa la mpiga picha peke yake, angeweza kusema amekataa mwenyewe, shauri yake. Lakini mtoto hakukata simu. Na pia aliona kitu cha pili, nacho kilimchoma kuliko cha kwanza: hawezi kwenda kumweleza mwanamke mwingine ukweli ambao hajamweleza mwanamume anayetaka kuolewa naye.

Karakana ya Baridi ilikuwa imejaa majokofu yaliyovuliwa milango. Alimkuta anachomelea bomba la shaba; alipomwona alizima moto, akavua miwani ya giza, akamfutia kiti. Hamira hakukaa. Alisema yote amesimama: kaswende, ilikotoka, sindano ya kwanza aliyochomwa, ya pili inayosubiri, na siku ile ya mgahawani.

Baridi alikigeuza kipande cha bomba mkononi.

"Inapona?"

"Inapona kabisa."

"Na siku ile tunakunywa chai ulikuwa unajua."

"Nilikuwa nimeikalia," alisema Hamira.

Mdomo wa Baridi ulitaka kucheka, akaukataza. Akaliweka bomba chini. Alisema ugonjwa haumtishi, yeye ameishi na ugonjwa wa kufikirika miaka mingi, huu wa kweli wenye dawa una afadhali. Kinachomsumbua ni kingine.

"Ulipotaka tupime sikulala. Nilikuja kwa sababu niliona wewe ni mtu unayetaka kujua, hata kama ni kubaya. Halafu siku ile ukanikatia kipande cha ukweli, cha kutosha wewe kutoka mlangoni. Kaswende ni ya sindano. Hilo la kunikatia vipande sijui linachomwa sindano gani."

Hamira hakujitetea. Alisema aliona aibu, kwa kuwa yeye ndiye aliyemburuta mwenzake kule akijidhania safi. Akaomba msamaha, mara moja, bila machozi. Baridi akasema amesikia. Hakusema amesamehe, na Hamira akaona hiyo ni haki yake. Kisha akauliza kama kuna mtu mwingine anayepaswa kuambiwa, na Hamira akamweleza habari za tumbo la yule msichana. Baridi alichukua funguo za pikapu yake msumarini.

"Nitakupeleka. Ndani utaingia mwenyewe."

Mke wa mpiga picha alikuwa nyumbani peke yake, ameketi barazani, anaosha brashi zake za kupambia kwenye beseni la maji ya sabuni. Walikuwa hawana ugomvi. Walikuwa na ile adabu ya watu wawili waliokalia kiti kimoja kwa nyakati tofauti. Alisema karibu dada, akamsogezea kigoda. Hamira akakaa. Aliuliza hali, akajibiwa nzuri, akaona akiendelea kuuliza hali atauliza mpaka jioni.

"Mdogo wangu, nimepima nimekutwa na kaswende. Nimeipata nikiwa kwenye ndoa. Baba mtoto wangu nimemwambia kwenye simu, hakutaka kunisikia. Nimesikia una mimba, ndiyo maana nimekuja kwako. Inaweza kumfikia mtoto. Ukitibiwa mapema, anasalimika."

Brashi zilisimama kwenye maji. Yule msichana alikuwa na uso mzuri, na uso mzuri ukikasirika unatisha zaidi. Aliuliza ni nani aliyemwambia habari za tumbo. Akauliza kama Hamira hakulala vizuri kwa kusikia mwenzake anapata mtoto. Akasema nyumba hii aliiacha mwenyewe, hakufukuzwa, sasa amerudi na maradhi yake kuivunja ya nini?

Hamira aliyaacha yote yapite. Aliyatarajia, hata yeye angesema hivyo hivyo.

"Usiniamini mimi," alisema. "Nenda kapime. Wakikwambia huna, njoo kiwandani kwetu saa ya kutoka, unitukane mbele ya watu wote. Nitasimama nisikie mpaka umalize."

Msichana alirudia kuosha brashi. Aliosha moja kwa muda mrefu sana, akaikamua, akaiosha tena. Barabarani, ndani ya pikapu, Baridi alikuwa amekaa anatazama mbele kama dereva wa msiba.

"Hiyo sindano inauma?" aliuliza msichana, bila kuinua uso.

"Inauma. Unakalia upande mwingine."

"Nitaenda na nani mimi? Mama yangu nikimwambia, ataanza kulia kabla hatujafika."

Kesho yake walienda wote wawili, kwa muuguzi yule yule, siku ambayo Hamira alipaswa kuchomwa ya pili. Muuguzi aliwatazama walivyoketi bega kwa bega, akaunganisha mambo kichwani, na hakusema neno, ambayo ni elimu kubwa kuliko ile ya kuchoma sindano. Majibu yalipotoka, msichana alikuwa nayo. Alilia kidogo, akachomwa, akalia tena kwa sababu ya sindano yenyewe. Muuguzi akamwambia mimba bado changa, amewahi, na kwamba wengi wanaokuja mapema hivi hujifungua watoto wazima. Ila dawa haitamsaidia kama mumewe atabaki nayo, atampa upya.

Hapo ndipo mpiga picha alipopata mtu asiyeweza kumkatia simu. Mkewe alimwambia mlango wa chumba cha kulala utafunguka siku atakapoonyesha alama za sindano, na si kwa maneno, kwa kuteremsha suruali. Alilala sebuleni, chini ya picha za harusi za watu wengine, siku kadhaa akinuna, kisha akaenda. Yeye na Hamira walizungumza tena baada ya muda mrefu, kuhusu sare za shule za binti. Neno samahani hakulitamka. Hamira alishaacha kulingoja, na akaona kwamba kutolingoja kunapunguza uzito.

Na Baridi? Baridi aliwapeleka wote wawili siku ya sindano ya pili akasubiri nje, akampeleka Hamira kwenye ya tatu akaingia ndani. Siku hiyo muuguzi aliwaeleza habari za kondomu kwa vitendo, akitumia kinyago cha mbao alichokitoa kwenye droo bila hata kupepesa. Baridi alikiri kwamba hajawahi kuvaa hata moja. Yeye na marehemu mkewe walikuwa wanatafuta mtoto. Lakini fundi ni fundi. Baada ya dakika mbili za aibu alianza kuuliza maswali ya kazi. Kwa nini ncha ibanwe? Ili hewa isibaki, ikibaki hupasuka. Mafuta ya kujipaka je? Hapana, yanaula mpira, atumie vilainishi vya maji. Zinatunzwa wapi? Mahali pakavu, pasipo na joto, si kwenye pochi wala kwenye kasha la gari. Baridi akauliza nyuzijoto ngapi. Muuguzi alivua miwani, akamtazama Hamira, akasema mama, huyu utamweza?

Walicheka mpaka mtu wa kwenye foleni akagonga mlango.

Hawakuharakisha. Walingojea hadi muuguzi aliposema wako salama, na hata baadaye waliendelea na kondomu mpaka kipimo cha kurudia kilipoonyesha dawa imefanya kazi yake. Mara ya kwanza, mchana mmoja wa Jumapili, pazia limefungwa, walifanya kila kitu kwa utaratibu kama watu wanaosoma maelekezo ya mashine mpya, na Baridi alisoma tarehe ya mwisho wa matumizi kwa sauti. Hamira alimwambia kama hatanyamaza atavaa nguo zake aondoke, akakumbushwa kwamba hapo ni kwake. Baadaye walilala wakitazama dari, na Hamira akafikiri kwamba katika ndoa yake ya kwanza, miaka yote, hawakuwahi kusemeshana kitandani. Walikuwa wanazima taa.

Mtoto wa mpiga picha alizaliwa mwenye sauti kubwa, akapimwa, akafuatiliwa kliniki kama inavyotakiwa, akaonekana mzima. Hamira alipelekewa habari na mama mtoto mwenyewe, kabla hata ya wakwe. Alienda kumwona na mikate miwili mikubwa na sweta. Hawakulitaja lile jambo. Mama mtoto alimpa mtoto ambebe, akaenda zake kuoga, akakaa huko muda mrefu, kama mtu aliyemwachia mtoto dada yake.

Ndoa ya Hamira na Baridi ilikuwa ndogo: shangazi mmoja, Mizani aliyevaa kofia kubwa kuliko sherehe yenyewe, na binti aliyekuwa akipiga picha kwa simu, watu wakisema damu ya baba haipotei. Wanaishi kwa Hamira, kwa sababu kuna jokofu zuri. Mwaka ukifika wanakwenda kupima, wanarudi, wanapika. Lile la kukatiwa ukweli vipande Baridi hakulisahau mara moja, na hakujisingizia kwamba kalisahau. Ilibaki kama tabia tu. Hamira akimaliza kumweleza jambo, liwe la kazini au la mwilini, yeye hungoja kidogo, kisha huuliza kwa upole, "Kuna kingine?" Mara nyingi hakuna. Mara moja moja kipo, na Hamira huvuta kiti akakisema.